Simu haijui Mto Ruvuma

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka nikupeleke kwetu kusini, Lisekese, pale Masasi, kisha tuvuke pamoja Mto Ruvuma. Nia yangu si kukutembeza. Nataka kukueleza jinsi simu ya mkononi inavyoweza kumaliza fedha za mwenyewe akiwa nchi ya nje, hata ikiwa imelala tu mfukoni. Jambo hilo lilinipata mimi, kwa hiyo nitaanza na kisa changu.

Mwaka 2016 nilikwenda Mueda, upande wa Msumbiji, kwenye arobaini ya mjomba wangu. Asiyejua kwetu atashangaa, lakini Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na msiba hauulizi pasipoti. Kuvuka nako kumekuwa rahisi kuliko zamani. Lipo Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, ambalo Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza walilifungua mwezi Mei 2010. Unatoka Masasi, unapita Mangaka, na kabla jua halijawa kali uko ng'ambo.

Nilimwacha mama Lisekese akiwa hajisikii vizuri. Nikamwambia dada yangu, "Dada, likitokea lolote nipigie, simu yangu itakuwa wazi." Ili iwe wazi kweli nikaweka salio la shilingi 30,000, na nikahakikisha kwamba laini yangu itafanya kazi nje. Nilipovuka, ujumbe wa kunikaribisha Msumbiji ukaingia. Sikumpigia mtu yeyote. Simu ikakaa kimya siku mbili, nami nikauona ukimya huo kuwa ni dalili ya heri.

Siku ya tatu, niliporudi Mtambaswala, nikaweka vocha na kumpigia dada. Kumbe mama alikuwa amepelekwa hospitali ya Ndanda usiku ule wa kwanza. "Kaka, tumekupigia mpaka tumechoka," aliniambia. "Tukadhani na wewe umepatwa na jambo." Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile shilingi 30,000 zilikuwa zimekwisha, na wala sikuwa nimetamka neno hata moja kwenye simu.

Je, zilikwenda wapi? Hapo ndipo penye somo letu la leo.

Laini yako ikivuka mpaka, mnara wa ng'ambo hauijui. Kampuni ya huko huuliza kampuni yako ya nyumbani: huyu ni mteja wenu? Ikijibiwa ndiyo, unaruhusiwa kutumia. Huduma hiyo wenyewe huiita romingi, yaani kutumia laini ya nyumbani ukiwa nje ya nchi. Kampuni ya ng'ambo huhesabu kila unachotumia na kuidai kampuni yako kwa bei ya jumla waliyopatana. Kampuni yako nayo huongeza sehemu yake, kisha hukukata wewe. Kwa hiyo unalipa njia mbili kwa safari moja. Na lile bando ulilonunua nyumbani kwa kawaida halivuki mto pamoja nawe. Linabaki Masasi likikungoja, huku wewe unakatwa salio kwa bei ya ugenini.

Simu yangu ilikuwa imepangwa kuangalia barua pepe za ofisini kila baada ya dakika 15, mchana na usiku. Barua ya maandishi matupu ni kitu kidogo, kama kilobaiti 10 hivi. Lakini ofisini siku hizo walikuwa wanatumiana picha za semina. Picha moja ya simu yaweza kufika megabaiti 3, na megabaiti moja ni kilobaiti 1,024. Maana yake picha moja ina uzito wa barua zipatazo 300. Simu yangu ilizivuta zote bila kuniuliza. Juu ya hayo, programu nyingine zilikuwa zinajisasisha zenyewe, na picha nilizopiga arobaini zilikuwa zinajihifadhi kwenye intaneti. Mimi nimekaa mkekani nakula wali wa msiba, simu inafanya biashara yake.

Lipo na la pili ambalo wengi hawalijui. Ukiwa nyumbani, anayepiga ndiye anayelipa. Ukiwa nje kwa laini ya nyumbani, mara nyingi na wewe unayepokea hulipa, kwa sababu mazungumzo yanasafirishwa kutoka nchi yako mpaka ulipo, na gharama ya safari hiyo ni yako. Kwa laini ya malipo ya kabla, salio likiisha simu haiingii tena. Hivyo zile picha za semina hazikula fedha tu. Zilikula nafasi ya dada yangu kunifikia. Mwenye laini ya malipo ya baadaye yeye hafungiwi mlango upesi. Yeye hushtukia mwisho wa mwezi, ankara inapoletwa.

Sasa tufanyeje? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu hii ifanywe nyumbani, siyo ukishafika ng'ambo.

Kwanza, tafuta kwenye simu yako swichi ya kutumia data nje ya nchi, uizime kabla ya kuvuka. Iko peke yake, mbali na swichi ya data ya kawaida. Ukiizima hiyo, bado utaweza kupigiwa na kupokea ujumbe mfupi, ila intaneti haitakwenda kwa siri.

Pili, ziamuru barua pepe zisijilete zenyewe. Panga zije pale unapozifungua tu, na viambatanisho visishuke mpaka uviguse. Zima pia kujisasisha kwa programu na kujihifadhi kwa picha. Ramani na nyaraka za safari zipakue ukiwa bado nyumbani.

Tatu, kama lazima utumie data kwa laini yako, uliza kampuni yako kama ina bando la nje ya nchi, na ulinunue kabla hujaondoka. Uliza mambo manne: linafanya kazi nchi ipi, ni la data peke yake au na kupokea simu, linakwisha lini, na likiisha ghafla unakatwa kwa bei gani.

Nne, kwa safari ya siku nyingi, nunua laini ya huko na kuisajili kwa utaratibu wa huko. Simu nyingi zina nafasi ya laini mbili. Data ipite kwenye laini ya ng'ambo, na laini ya nyumbani iachwe kwa ajili ya kupigiwa na kupokea namba za siri za benki. Usiitupe ndani ya begi ukaisahau, maana siku benki itakapokutumia namba ya kuthibitisha malipo, utaitafuta kwa jasho.

Nne hizo ni za msafiri. Wapo pia wasiosafiri. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaiona Msumbiji ng'ambo ya bonde. Simu hufuata mnara unaosikika vizuri zaidi, haijui mpaka wala haijui serikali. Mkazi wa mpakani anaweza kuwa shambani kwake mwenyewe na simu yake ikawa imekwisha kuhama nchi. Akiona jina la mtandao asioujua, achague mtandao wake kwa mkono, badala ya kuiachia simu ijichagulie.

Lakini, ndugu msikilizaji, tusimtwishe msafiri mzigo wote. Gharama hizi si mvua wala jua. Zimewekwa na watu, na watu wanaweza kuziondoa. Mwezi Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mteja akapokea simu bure ndani ya nchi hizo tatu. Kuanzia mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuzifanya simu baina yao kuwa kama simu za eneo moja. Umoja wa Ulaya nao ulifuta nyongeza hizo kwa wasafiri wake tarehe 15 Juni 2017. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini sisi na wao tumo pamoja katika SADC, yenye mpango wake wa kushusha gharama hizi kwa hatua. Nchi mbili zilizoweza kujenga daraja la mita 720 juu ya Ruvuma haziwezi kushindwa kujenga daraja la simu.

Na haja ipo. Mwezi Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, jimbo lile lile ilipo Mueda. Tangu siku zile familia nyingi za kwetu zimejifunza kwamba simu inayopokelewa ni habari ya uhai. Mtu akiwa ng'ambo na simu yake haiingii, nyumbani hapalaliki.

Kwa hiyo kabla hujavuka mpaka wowote, jiulize swali moja: ni nani lazima anipate, na atanipata kwa njia ipi? Ukishalijibu, linda salio la njia hiyo, hayo mengine yasubiri. Barua za semina zingeweza kunisubiri siku tatu. Mama asingeweza.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane juma lijalo.