Kilo 40 za Chuma: Hesabu ya Mfuniko Wenye Sura Mjini Kakamega

Mfuniko wa kawaida wa manholi, ule wa duara wenye upana wa sentimita 60, una uzito wa karibu kilo 40. Nchini Japani kilo hizo 40 humfanya mtu akate tiketi ya treni, alipie chumba cha kulala, kisha achuchumae njiani kuupiga picha. Kwetu Kenya kilo hizohizo huondoka usiku kwa mkokoteni, na asubuhi wapita njia hukuta tawi la mti limechomekwa shimoni ili mwenye pikipiki asitumbukie.

Japani ina mifuniko ya majitaka ipatayo milioni 15, na idadi kubwa ya miji na manispaa zake 1,700 na ushei ina michoro yake yenyewe. Jambo hili lilishika kasi miaka ya 1980, pale Yasutake Kameda, mhandisi wa Wizara ya Ujenzi, alipozihimiza manispaa ziweke alama za kwao juu ya mifuniko. Mabomba ya majitaka ni ghali na hayaonekani. Mlipa kodi alihitaji kitu cha kutazama. Wahusika wa katuni walikuja baadaye. Desemba 2018 mji wa Ibusuki ulipata mfuniko wa kwanza wa Pokémon, na leo mifuniko hiyo imepita 300, kila mmoja na mchoro wake. Odawara iliweka ya Gundam mwaka 2021. Manispaa hailipi gharama ya ile ya Pokémon: kampuni yenyewe huitoa kama zawadi, kwa kuwa mashabiki watasafiri kuifuata.

Lakini ukiniuliza mimi, ujanja wenyewe umo kwenye kadi. Tangu Aprili 2016 miji ya Japani hugawa kadi za mifuniko bure, kadi moja kwa mtu mmoja, na huletewi kwa posta. Lazima uende ofisi iliyotajwa, saa za kazi. Kadi huwa na picha ya mfuniko pamoja na latitudo na longitudo za mahali ulipowekwa. Karatasi isiyo na thamani yoyote dukani inamlazimisha mgeni afike mjini, na akishafika atakula.

Turudi nyumbani. Tuseme mnunuzi wa skrepu analipa shilingi 40 kwa kilo. Mfuniko mzima unampa mwizi shilingi 1,600. Anayeurudisha, awe kampuni ya maji au kaunti, atanunua chuma kipya, atalipa usafiri na fundi, na bili itakuwa mara kadhaa ya hiyo. Hilo ni mbali na mguu uliovunjika. Mchoro haubadilishi chochote hapo, maana mizani haioni sura. Ukichonga nyota wa katuni juu ya chuma, mnunuzi atampima kwa kilo kama bomba la mfereji.

Serikali imewahi kujaribu kuizima mizani yenyewe. Januari 11, 2022 milingoti ya umeme ya laini ya Kiambere kuelekea Embakasi ilianguka, nchi ikakaa gizani, na uharibifu wa kukusudia ukashukiwa. Januari 20 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo ilidumu miezi mitatu na ushei, ikaondolewa Mei kwa masharti mapya, ilhali Sheria ya Vyuma Chakavu ilikuwapo tangu 2015.

Kwa hiyo Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, ikitaka mifuniko yenye sura, iache chuma. Chukua zege: duara la sentimita 60 lenye unene wa sentimita 8 lina ujazo wa mita za ujazo 0.0226, na uzito wake unafika kilo 54. Ni mzito kuliko wa chuma. Saruji inayoingia ni kilo 9 hivi, chini ya moja ya tano ya mfuko. Nondo za ndani tuseme ni kilo 3. Mwizi atabeba kilo 54 na kupasua zege kwa nyundo ili apate chuma cha shilingi 120. Hata mwenye njaa hatajisumbua. Lakini zege la unene huo lina mpaka wake: ni la njia ya waendao kwa miguu, si la barabara kuu ya kwenda Kisumu, ambako malori ya miwa yatalivunja.

Kaunti ina maeneo bunge 12, basi mifuniko 12, mmoja kwa kila eneo. Tuseme kila mmoja unagharimu shilingi 6,000, pamoja na kalibu, rangi na fundi wa jua kali. Jumla ni shilingi 72,000. Ikiwa mgeni anaacha mjini shilingi 2,500 na faida ya wenye biashara ni moja ya tano, yaani 500, wageni 144 watairudisha gharama yote. Kadi za kuchapisha ni nyongeza ndogo. Rangi itahitaji kurudiwa, maana Kakamega hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Alama zichongwe kwa kina, zishike soli wakati wa mvua. Kazi ya kwanza ya michoro ya mifuniko kote duniani ni kumzuia mtu asiteleze.

Kuna atakayesema pesa hizo zijenge mabomba kwanza, kwa kuwa sensa ya 2019 ilionyesha kaya 1 hivi kati ya 10 nchini ndiyo iliyounganishwa na mfumo wa majitaka. Hoja ni ya kweli, ila hesabu haiisaidii: tukichukulia shilingi 8,000 kwa kila mita ya bomba lililofukiwa, 72,000 zinanunua mita 9. Hizo hazivuki hata uwanja wa soko.

Na sura zenyewe? Haki za wahusika wa kigeni ni za kulipia. Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau aliyewachekesha wasomaji wa gazeti la Taifa Leo, naye anahitaji ruhusa. Sungura wa hadithi hana wakili. Fahali wa mapigano wa Khayega hana pia, wala jiwe la Ilesi linalotoa machozi, wala Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kwa ajili ya eneo bunge la Matungu. Lurambi ichukue dhahabu ya mgodi wa Rosterman ya miaka ya 1930. Mgogoro utakuwa kwenye ngoma ya isukuti. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kwa jina la Waisukha na Waidakho kwa pamoja, na sioni Shinyalu ya Waisukha ikiiachia Ikolomani ya Waidakho ngoma hiyo, wala Ikolomani ikikubali kupewa mfuniko wa pili kwa ukubwa.