Nyuzi Zilizolala Mzungu wa Nne

Chukua kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana, uifumue kutoka ncha moja. Utapata umbo la herufi Y, na panapoachania nyuzi ndipo seli inaponakilia DNA yake. Kimeng'enya kiitwacho helikasi hutangulia kikifumua. Nyuma yake huja polimerasi, kimeng'enya kingine kinachosoma uzi wa zamani na kuupangia mwenzake: penye herufi A huweka T, penye G huweka C. Kwa bakteria kasi hufikia herufi 1,000 hivi kwa sekunde.

Lakini nyuzi za DNA zimelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na polimerasi hurefusha uzi kuelekea upande mmoja tu. Kwa hiyo uzi mmoja hunakiliwa mfululizo nyuma ya helikasi. Huu wa pili je, ambao polimerasi yake lazima iipe helikasi mgongo?

Mwaka 1968, Reiji na Tsuneko Okazaki, mtu na mkewe wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha jibu: uzi huo hunakiliwa vipande vipande. Waliwapa bakteria malighafi yenye mionzi kwa sekunde chache, kisha wakaitazama DNA iliyotoka kuundwa. Wakakuta vipande vifupi vya herufi 1,000 hadi 2,000. Muda ulipoongezwa, mionzi ilionekana kwenye nyuzi ndefu: vipande vilikuwa vimeshaungwa. Kila kipande huanza na kianzio kidogo cha RNA, ambacho baadaye hung'olewa, pengo likajazwa, na kimeng'enya ligasi kikafunga kiungo.

Kwa nini isiwepo polimerasi ya kwenda upande wa pili, taabu hii ikaisha? Sababu ni makosa. Kila herufi mpya huja na nishati yake ya kujiunga. Ikiwekwa isiyofaa, polimerasi huing'oa, na itakayofuata huja na nishati yake. Kwa upande wa pili nishati ingekaa kwenye ncha ya uzi wenyewe. Ukiing'oa herufi umeing'oa na nishati, na uzi umekwama.

Bila kung'oa, polimerasi hukosea takriban mara moja katika herufi 100,000. Seli ya binadamu ina jozi za herufi zaidi ya bilioni 6, hivyo kila seli changa ingerithi makosa 60,000 na zaidi. Kung'oa huko, yaani kufuta, huyashusha hadi mamia, na vimeng'enya vingine hupita nyuma vikirekebisha karibu yote yaliyosalia. Vile viraka vya Okazaki ndiyo bei ya kifutio.