Njisi hakuna anayekaa bure: mbona vijana wanasema ajira hakuna?

Njisi, kwenye mpaka wetu na Malawi wilayani Kyela, siku huanza mapema. Bodaboda wanagombea abiria wanaoshuka kwenye magari ya Mbeya na Tukuyu. Wabadilisha fedha wameshika kwacha mkono mmoja, shilingi mkono wa pili. Wabeba mizigo wanasubiri malori yanayokwenda kuvuka mto Songwe, na akina mama wamekwisha kupanga ndizi, mchele na mawese. Mgeni akitazama pilikapilika hizo ataondoka akiamini kwamba hapa ukosefu wa ajira haupo. Lakini muulize kijana yeyote kati ya hao, atakujibu kwamba ajira ndiyo shida kubwa kuliko zote.

Mgeni na kijana wote wana hoja. Kinachowatenganisha ni kipimo, na kipimo hicho kina kanuni ambazo kila mwananchi anaweza kuzielewa.

Takwimu za ajira Tanzania Bara hukusanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, kupitia utafiti wa nguvukazi. Umefanyika mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Mdadisi hufika kwenye kaya zilizochaguliwa kwa sampuli na kuuliza juu ya kila mtu mwenye miaka 15 au zaidi. Haulizi tu kama mtu ana ajira, kwa sababu kila mmoja angejibu kwa maana yake. Huuliza mtu alifanya nini katika siku saba zilizopita.

Kanuni za kimataifa, zinazosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, zinasema aliyefanya kazi ya malipo au ya faida walau saa moja katika siku hizo saba ana ajira. Ambaye hakufanya huulizwa mambo mawili zaidi: je, katika wiki nne zilizopita alitafuta kazi? Na ikipatikana, yuko tayari kuianza? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, huyo ndiye asiye na ajira. Waliobaki, kama wanafunzi, wazee na wote walioacha kutafuta, huwekwa nje ya nguvukazi.

Saa moja huwashangaza wengi. Sababu yake ni kwamba wanatakwimu wanataka kunasa nguvu yote iliyozalisha pato la taifa, hata ile ndogo kabisa. Lakini tazama matokeo yake. Bodaboda aliyepata abiria wachache wiki nzima ana ajira. Mbeba mizigo aliyeshusha lori moja Jumatatu, kisha akakaa hadi Jumapili, naye ana ajira. Na kwa kuwa mtu asiye na kazi hapa hapokei posho ya serikali, kukaa bila kufanya chochote ni anasa asiyoimudu maskini. Ndiyo maana Afrika Kusini, yenye uchumi mkubwa kuliko wetu, hutangaza ukosefu wa ajira unaozidi asilimia 30, huku Tanzania kwa kipimo hichohicho ikiwa na asilimia chache tu. Haina maana kwamba kijana wa Njisi ana maisha mazuri kuliko wa Johannesburg. Hapa kilimo kidogo na uchuuzi hupokea karibu kila anayekosa mshahara. Kule, historia ya ubaguzi iliwanyang'anya Waafrika ardhi na kuwabana katika biashara, na milango hiyo ikabaki myembamba.

Wataalamu wetu wanalijua jambo hili, hivyo Tanzania ina pia tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi. Inamhesabu aliye tayari kufanya kazi hata kama hakuitafuta, pamoja na mwenye kibarua kisicho na uhakika wa kesho. Kwa tafsiri hiyo, utafiti wa 2020/21 ulitoa takriban asilimia 9.

Chukua mfano wa kubuni wa kijiji chenye watu wazima 100. Watu 70 wana shughuli, watatu wanatafuta kazi, tisa wanaitaka lakini wamekata tamaa ya kuitafuta, na 18 ni wanafunzi, wazee na wagonjwa. Kwa kanuni ya kimataifa unagawa 3 kwa 73, unapata asilimia 4. Ukiwaingiza wale tisa unagawa 12 kwa 82, unapata karibu asilimia 15. Kijiji ni kilekile na watu ni walewale. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia bila kukutajia tafsiri, hajakueleza kitu.

Kwa Kyela kuna suala jingine zito, nalo ni mpunga. Oktoba 2013, wanatakwimu wa kazi wa dunia walikutana Geneva na kukubaliana kwamba ajira ni kazi ya kupata malipo au faida. Anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anafanya kazi, ila haitwi tena mwenye ajira. Kwa kanuni za awali za mwaka 1982, alihesabiwa. Basi mama wawili wenye mashamba jirani, wote wakiinama kwenye tope kutwa nzima, wanaweza kuandikwa mafungu tofauti kwa sababu mmoja analima hasa auze na mwingine analima hasa wanawe wale. Kanuni hii ina faida: inaonyesha ni wangapi hawana kipato cha fedha. Hatari yake ni kwamba jasho la mama wa pili likitoka kwenye safu ya ajira, linaweza kutoka pia kwenye bajeti za pembejeo na ugani.

Msimu nao hubadilisha picha. Wakati wa kupandikiza na kuvuna mpunga, vibarua hutafutwa kwa tochi. Baada ya hapo wengi huenda mpakani, ziwani au kwenye kakao. Siku saba za Juni na siku saba za Septemba haziwezi kusimulia habari moja, na utafiti makini husambaza mahojiano yake mwaka mzima.

Kwa eneo kama letu, kipimo chenye maana zaidi ni ajira pungufu: wangapi wanafanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki huku wakitaka kuongezewa. Ongeza kipato, na sehemu ya wafanyakazi walio katika sekta isiyo rasmi, wasio na mkataba wala hifadhi ya jamii. Hapo ndipo malalamiko ya kijana wa Njisi yanapoonekana kwenye jedwali.

Sampuli ya utafiti wa taifa haitoshi kutoa asilimia ya uhakika ya wilaya moja, sembuse kata. Halmashauri ya Kyela inaweza kuziba pengo hilo kwa kupitia watendaji wa vijiji: kuandika saa zinazofanyiwa kazi, kipato na misimu ya vibarua, mpakani na mashambani. Na diwani au mbunge akisimama kutangaza kwamba ukosefu wa ajira umeshuka, wananchi wamuulize: kwa tafsiri ipi, katika miezi ipi, na hao wenye ajira wanafanya saa ngapi kwa malipo gani?