UWANJA WA MAJANI NYUMBANI: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUPANDA

Katika vijiji vya pwani ya kusini, tokea zamani uwanja wa mbele ya nyumba huachwa mtupu na kufagiliwa kila asubuhi. Desturi hiyo ina maana yake, kwani nyoka huonekana upesi penye mchanga mtupu, na nafaka huanikwa hapo hapo. Lakini siku hizi wengi wanaojenga Diani, Ukunda na Msambweni wapenda majani mabichi, ambayo huzuia vumbi na kupunguza joto lipigalo ukutani. Jambo hili ni jema, ila wengi huanzia mwisho: hununua mbegu kwanza, ndipo waitazame ardhi na kisima.

La kwanza ni maji. Uwanja wa mita 10 kwa mita 10 si mkubwa. Hata hivyo, kuunywesha maji ya kina cha milimita 5 tu kwahitaji lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20. Mbegu za ukoka zataka udongo wenye unyevu kila siku mpaka zichipuke, na hiyo huchukua majuma mawili au matatu. Mwenye nyumba hana budi kujiuliza ni nani atakayeteka maji hayo mwezi wa Februari, wakati watu wa nyumbani mwake wanapongoja zamu kisimani kwa maji ya kupikia. Jibu lisipopatikana, uwanja na upunguzwe, au kazi ingoje masika.

Karibu na bahari kuna shida nyingine. Chini ya mwamba wa matumbawe maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na kisima kikivutwa mno kwa pampu, chumvi hupanda. Yafaa maji yaonjwe mwezi wa Machi, kabla ya mvua, maana baada ya masika karibu kila kisima huonekana kitamu. Chumvi ikiwa nyingi, aina ya paspalamu iotayo ufukoni yafaa kuliko majani mengine.

Baada ya maji ni udongo. Sehemu nyingi za Diani zina udongo mchache tu juu ya matumbawe. Mtaimbo ukikitwa mahali mbalimbali huonyesha mara moja penye mwamba. Pasipokuwa na udongo wa sentimita 15 hivi, majani hukauka siku chache baada ya mvua kukoma. Samadi iliyooza vema husaidia mchanga kushika maji. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Chokaa haina kazi hapa, kwa kuwa matumbawe yenyewe ni chokaa.

Wengine huagiza udongo mwekundu kwa lori. Hapo ndipo huingia adui mkubwa wa uwanja, naye ni ndago. Ndago huwa na viazi vidogo vilivyoungana chini kama shanga, na jembe likivikata huvitawanya tu, kila kimoja kikawa mche mpya. Udongo ulioletwa na umwagiwe maji kidogo, uachwe majuma matatu, kisha ndago zitakazojitokeza zichimbuliwe pamoja na viazi vyake. Kazi hiyo irudiwe mara mbili au tatu. Yachosha, lakini ndago iliyokwisha kuingia ndani ya majani haitoki kwa urahisi, na wengi walioipuuza wamelazimika kufumua uwanja wote.

Kuhusu aina ya majani, yale ya Kikuyu yanayositawi Nairobi na Limuru hayapendi joto la pwani. Ukoka hustahimili jua na kukanyagwa na watoto, lakini hudhoofika kivulini. Chini ya mwembe yafaa zaidi majani mapana ya pwani, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa jina la Pemba. Nayo hupandwa kwa vipande vya shina, si kwa mbegu. Kwa kweli hata ukoka wenyewe hushika upesi ukipandwa kwa vipande, vikiachana sentimita 15 hadi 20, na mara nyingi jirani huvitoa bure. Apendaye mbegu hahitaji zaidi ya kilo moja kwa uwanja wa mita 10 kwa 10.

Ardhi isawazishwe kwa uzi na vigingi, ikiteremka sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani, ili maji ya mvua yasisimame penye msingi. Kazi hii na ya ndago zimalizike mwezi wa Machi. Mvua za kwanza za Aprili zikisha kulowesha udongo ndipo pa kupanda, kwani mvua kubwa ya Mei huzichukua mbegu zilizochelewa na kuzilundika penye ua. Mwenye maji machache na apande nusu iliyo karibu na baraza masika haya, nusu ya pili aipande mwaka ujao kwa vipande vya hiyo ya kwanza.