Kitabu kilichofichwa ndani ya marobota ya nguo

Katika maktaba ya taifa ya Uingereza, mjini London, kimehifadhiwa kitabu kidogo kilichonunuliwa mwaka 1994 kwa zaidi ya pauni milioni moja. Ni Agano Jipya kwa lugha ya Kiingereza, lililochapishwa mwaka 1526 katika mji wa Worms, Ujerumani. Nakala zinazojulikana kusalia ni tatu tu. Nyingi zilitiwa moto kwa amri ya Askofu wa London.

Askofu huyo, Cuthbert Tunstall, hakuwa adui wa elimu. Alikuwa msomi na rafiki wa Erasmus. Mwaka 1523 William Tyndale, mhitimu wa Oxford, alimwendea kuomba ufadhili ili afasiri Maandiko kutoka Kigiriki. Alikataliwa. Tangu 1409 kanisa nchini Uingereza lilikuwa limepiga marufuku tafsiri ya aina hiyo isiyo na idhini. Mwaka 1524 Tyndale akavuka bahari, asirudi tena kwao.

Uchapishaji ulianza Cologne mwaka 1525, lakini wakuu wa mji wakauzuia. Tyndale na msaidizi wake wakakimbilia Worms kwa mashua, wamebeba kurasa zilizokwisha kuchapwa. Sisi tuliowahi kuhariri tukiwa mbali na nyumbani tunaijua safari ya namna hiyo. Vitabu viliingia Uingereza vimefichwa ndani ya marobota ya nguo. Edward Hall, mwandishi wa historia wa zama hizo, anasimulia kwamba Tunstall alimtumia mfanyabiashara mmoja kuvinunua huko Antwerp ili aviteketeze. Fedha zikamfikia Tyndale, naye akazitumia kuchapisha vingine!

Maneno machache

Kilichoogopwa hasa ni nini? Pale watu walipozoea 'kanisa', Tyndale aliandika 'kusanyiko'. Pale palipokuwa na 'kasisi', aliandika 'mzee'. Kigiriki kiliiruhusu tafsiri hiyo. Lakini kusanyiko ni watu, ilhali kanisa la siku hizo lilikuwa mamlaka yenye mahakama, ardhi na zaka. Thomas More, mwanasheria mashuhuri, aliyashambulia maneno hayohayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1529.

Tyndale alisalitiwa na kukamatwa Antwerp mwaka 1535. Mwaka uliofuata, huko Vilvoorde, alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto kwa kosa la uzushi wa kidini.

Mwaka 1539 ikatoka Biblia ya Kiingereza yenye idhini ya Mfalme Henry wa Nane mwenyewe. Sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa ya Tyndale, ingawa jina lake halikutajwa. Lakini mwaka 1543 sheria ya bunge iliwakataza mafundi, watumishi, vibarua na wanawake wa kawaida kuisoma Biblia hiyo. Mwanamke wa ukoo bora aliruhusiwa kujisomea peke yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1547.

Wafasiri walioteuliwa na Mfalme James mwaka 1604 waliitegemea mno kazi ya Tyndale, na tafsiri yao ya 1611 ingali inasomwa. Walikuwa wamepewa kanuni za kufuata. Mojawapo ilisema neno 'kanisa' lisiandikwe 'kusanyiko'.