Komoro: Visiwa vya Masultani Wanawake

Komoro ni nchi iliyo kati ya pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska, na visiwa vyake vitatu, yaani Ngazidja, Nzwani na Mwali, vina eneo la kilomita za mraba 1,861 na watu 758,316 kwa sensa ya 2017. Mji mkuu ni Moroni, na mazao yake ya biashara ni vanila, karafuu na mlangilangi. Hayo yatosha, kwani habari kubwa ya nchi hii ni wanawake waliokalia viti vyake vya enzi.

Mabaharia wa Kiingereza waliotia nanga Mwali mwanzoni mwa karne ya 17, wakielekea India, waliandika kwamba visiwa hivyo vilikuwa chini ya sultani mwanamke aliyekaa Nzwani, na orodha za watawala wa kisiwa hicho zina jina la Halima zaidi ya mara moja. Huko Mwali, Djumbe Fatima alirithi kiti mwaka 1842 akiwa mtoto, akakiachia 1867 kwa mvutano na Wafaransa, kisha akakirudia 1871 hadi alipofariki 1878.

Wanawake hawa hawakuzuka tu, kwa sababu Ngazidja ardhi iitwayo manyahuli hurithiwa kwa upande wa mama, na baba humjengea binti nyumba ambayo mume ndiye huhamia. Mama wa Kingazija anayekuja Kariakoo, Dar es Salaam, kufunga mzigo wa nguo kwenye maduka ya jumla ameacha nyuma nyumba ambayo hakuna shemeji awezaye kumtoa, ilhali jijini humo wajane bado hutolewa vyombo nje na ndugu wa marehemu, ingawa Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi.

Kumbukumbu ya watawala wanawake nayo imepungua huku Tanzania. Malkia Fatuma wa Unguja aliwapelekea chakula Wareno waliozingirwa na Waomani katika Ngome ya Yesu, Mombasa, kati ya 1696 na 1698, akachukuliwa mateka hadi Muscat kwa uamuzi huo. Ni kweli Dar es Salaam ina barabara ya Bibi Titi Mohamed, na inastahili, lakini Kariakoo yenye Mtaa wa Livingstone na Mtaa wa Aggrey haijampa Fatuma hata uchochoro, na wanafunzi wengi humaliza shule bila kulisikia jina lake.