Usingoje Siku ya Mchango

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walinena wahenga. Nasi wakazi wa miji tumeishika methali hiyo upande mmoja tu. Simu ya mwenzako ikilia usiku, moyo hudunda kabla hujaitika: nani ameaga? Au ni mchango wa karo, wa hospitali, wa harusi?

Msomaji mpenzi, urafiki unaoamshwa na shida pekee huchoka upesi. Uulishe kwa habari ndogo ndogo za raha.

Anza na kazi za mikono yako. Umepanda sukuma wiki kwenye gunia? Mweleze mwenzako ulivyofanya ili naye ajaribu: jinsi ulivyolisimamisha gorogoro lililotolewa kitako katikati ya gunia, ukalijaza kokoto, ukazungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha ukalivuta juu na kurudia hadi gunia likajaa. Kokoto hizo ndizo zipitishazo maji hadi chini. Na kama miche mingine ilinyauka, sema pia.

Kisha simulia uliyoyaona. Nairobi ina mbuga ya wanyama ubavuni mwake tangu 1946, lakini si lazima ulipe kiingilio. Kwarara hupita juu ya mapaa alfajiri wakipiga makelele, kima hurukaruka City Park, nao korongo wenye vipara husimama juu ya miti ya barabarani kama mawakili waliovaa majoho. Mbayuwayu watokao Ulaya hutufikia mnamo Septemba na kuondoka kufikia Aprili. Mtoto akiandika kila mwaka tarehe aliyowaona kwa mara ya kwanza, atakuwa na daftari la maana. Isitoshe, mradi wa Kenya Bird Map huchora ramani za ndege wa nchi hii kutokana na taarifa za watu wa kawaida kama wewe.

Lakini tahadhari! Ukimwona kifaru mbugani, tuma picha bila kutaja mahali alipo, maana majangili nao wana simu. Mkienda mashambani Krismasi, simulieni mkisharudi, si wakati nyumba iko tupu. Na habari za mtu zina mwenyewe: mtoto aliyeanguka mtihani asisikie jina lake kwa majirani. Muulize kwanza.

Nawe mwanafunzi uliye bweni, usiwaandikie wazazi siku ya kuishiwa tu. Waambie kuhusu mwalimu mpya, mechi mliyoshinda, na popo wanaoishi darini.

Leo, chagua rafiki mmoja uliyenyamaziana naye. Mwandikie mistari mitatu: ulichopanda, ulichoona, na kwamba kitindamimba ameng'oka jino. Usimwombe chochote. Mwulize tu, "Nawe je, habari za kwako?"

Shida itabisha hodi siku moja, maana haimsahau mtu. Siku hiyo utakuwa unamwita mtu anayekujua.